Baba Placide na neno jamaa

Neno jamaa halimsumbui mwanafunzi yeyote wa kitivo chetu. Asili yake ni Kiarabu, ambako hutaja watu waliokusanyika; katika Kiswahili limekuwa ndugu na watu wa ukoo, na mtaani huitwa hivyo hata mtu ambaye jina lake hatulijui. Lakini mimi ni mtoto wa Kolwezi, na kwa wazee wa makambi ya migodi ya kwetu neno hilo lina maana nyingine ambayo sijaikuta katika kamusi. Kwao mtu hakuwa na jamaa tu. Aliingia Jamaa, pamoja na mke wake au mume wake, baada ya muda mrefu wa kujifunza kukaa na mwenzake. Chanzo cha maana hiyo ni Mbelgiji mmoja, padri wa Shirika la Wafransisko, Placide Tempels. Wanafalsafa wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1945. Mimi naandika zaidi juu ya miaka yake ya Kolwezi, kwa sababu naamini huko ndiko alikojifunza jambo ambalo kitabu kilikuwa bado hakijalifikia.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 huko Berlaar, katika jimbo la Antwerp nchini Ubelgiji. Jina lake la kwanza lilikuwa Frans. Placide ni jina alilolipata alipojiunga na Wafransisko mwaka 1924. Alipata upadri mwaka 1930, na mwishoni mwa mwaka 1933 akafika Kongo, akapelekwa Katanga, kwa Waluba. Alikuja kama walivyokuja wengi wa wakati ule: mzungu, bwana, mwalimu mwenye majibu tayari. Alifundisha, akakemea, akabatiza. Miaka ikapita, naye akaona kwamba watu wanamwitikia kwa mdomo, kisha wanarudi nyumbani na kuendelea na maisha yao kama jana.

Hapo wengine huwalaumu wasikilizaji. Tempels alibadili mwenendo, akaanza kuuliza. Aliwauliza watu wanatamani nini katika maisha, wanaogopa nini, wanamwita nani wanapougua. Alijifunza lugha yao, akafuatilia methali, majina, dawa na mila zao, akasikiliza. Majibu yalizunguka mambo yaleyale: kuwa na uzima uliojaa, kuzaa, na kutoachwa peke yako. Baadaye alieleza kwamba alipotambua kuwa matamanio hayo ni yake pia, ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Tempels methali iligeuka, kwa maana wenyeji ndio waliomponya mgeni.

Majibu hayo ndiyo yaliyozaa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Alikiandika kwa Kiholanzi. Mwanasheria Antoine Rubbens akakitafsiri kwa Kifaransa, kikachapishwa mwaka 1945 Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwaka 1949 kilitolewa tena Paris na Présence Africaine ya Alioune Diop, kikasomwa mbali. Hoja yake kuu ni kwamba kwa Mluba, kuwepo ni kuwa na nguvu ya uhai, na nguvu hiyo haifungwi ndani ya mtu mmoja kama maji ndani ya mtungi. Hutoka kwa waliotangulia, hupita kwa wazazi, hufika kwa watoto, na hugusa ardhi, wanyama, mimea, hata mawe na madini. Mtu huongezeka au hupungua kadiri anavyoishi na hao wote. Kwa mtazamo huo, kumsalimu mzee si adabu tu, na kulitunza shamba si kutafuta chakula tu. Yote mawili ni kuulinda uhai.

Kitabu kilimletea sifa na taabu kwa pamoja. Askofu de Hemptinne wa Katanga hakukipenda. Mwaka 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa huko hadi mwaka 1949. Upande wa pili alisimama Aimé Césaire wa Martinique, ambaye katika andiko lake dhidi ya ukoloni la mwaka 1950 aliona kwamba falsafa hiyo inamfaa mkoloni: anaweza kuusifu utu wa Mwafrika kwa maneno huku akimnyima mshahara, nyumba na chakula. Shutuma hiyo ilikuwa na ardhi ya kusimamia. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma Elisabethville walipigwa risasi na askari, na wengi waliuawa. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin akahoji kama inafaa kabisa kuwasemea watu wote wa bara kwa sauti moja, kana kwamba miongoni mwao hakuna mwenye wazo lake. Naziona hoja hizi kuwa nzito, na sina nia ya kukitetea kitabu. Ninachosema ni kwamba wahakiki walisoma kitabu, na maisha ya mwandishi yaliendelea baada ya ukurasa wa mwisho.

Mwaka 1953 Tempels alikuwa Kolwezi, katika kambi ya Ruwe. Mji wenyewe ulikuwa mchanga. Union Minière ilianza kuujenga mwaka 1937 uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Kabla ya hapo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilikuwa imeanza kuacha desturi ya kuleta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Ilitaka mfanyakazi akae na mke, azae, watoto wasome, ili asiondoke na ujuzi wake. Ikatoa nyumba, posho, zahanati na shule, yote yamepangwa kwa mstari. Lakini mume alikuwa ametoka Kasai, jirani yake alitoka upande wa Angola, na wazee waliojua kusuluhisha ndoa, kumpokea mtoto na kumsindikiza marehemu walibaki vijijini. Kitabu cha Tempels kiliyaweka madini chini ya mtu katika mpangilio wa viumbe. Kambini, zamu ya mgodi ndiyo iliyoamua mtu alale saa ngapi na aamke saa ngapi. Watu walipata nyumba bila kupata jamaa.

Jamaa ilianzia katika upungufu huo. Haikuwa chama, maana haikuwa na kadi wala sare wala uchaguzi wa viongozi. Wanandoa walikuja kuongea na padri jioni, baada ya kazi, kisha wakaanza kuongea wao kwa wao kama walivyoongea naye. Sharti kubwa lilikuwa kwamba mume na mke waingie pamoja. Mwanamume aliyezoea kutoa amri nyumbani kama alivyopewa amri mgodini ilimbidi akae chini, amsikilize mke wake mpaka mwisho, naye aseme yaliyo moyoni. Familia zilitembeleana na kula pamoja. Hata ndoto zilisimuliwa na kufikiriwa, kwa sababu waliamini kwamba anayemjali mwenzake hujali pia anayoyaona usingizini.

Mafundisho yalisimama juu ya mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Msomaji atatambua kwamba ni majibu yaleyale ya Waluba, sasa yakisemwa kwa Kiswahili cha kambi. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusimama. Uzazi katika Jamaa haukuishia tumboni. Mume na mke walizaana katika mawazo, kila mmoja akimlea mwenzake awe mtu kamili. Wanandoa waliotangulia waliwazaa waliowafuata. Na padri, ambaye hana mtoto, naye aliwazaa watu wake na kuzaliwa nao. Kwa hiyo alipoitwa Baba Placide, halikuwa jina la heshima ya kanisani tu. Lilikuwa jina la ukoo, katika ukoo ambao haukufuata damu wala kabila.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Katanga katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya Jamaa mwaka 1971, ndiye aliyewafungua wengi macho kuona kwamba harakati hii ilijengwa kwa maneno. Kiswahili kilikuwa kimetumika sana Katanga kama lugha ya kazi: njoo, beba, chimba, upesi. Wafanyakazi wa Ruwe na Musonoi walikichukua Kiswahili hichohicho cha amri wakakifanya lugha ya kufunguliana moyo. Sijui kazi kubwa zaidi ambayo lugha inaweza kumfanyia mtu aliye mbali na kwao.

Mambo yao yalihitaji vitu vichache. Mkeka, makaa ndani ya mbabula, bukari na sombe, mtoto anayesinzia mapajani, na muda ambao mgodi haujauchukua. Hata leo, mzee wa kwetu akikuambia ukae, hana maana ya kiti. Anataka uache haraka uliyokuja nayo, uwepo pale ulipo. Tempels, aliyefika Katanga akiwa na majibu, alimalizia miaka yake ya Kongo katika kukaa kwa namna hiyo.

Mwaka 1962 alisafiri kwenda Ubelgiji, akiwa na afya mbaya, na hakurudi tena Kongo. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake kingine, kinachoeleza jinsi alivyokutana na watu wa Katanga na kubadilishwa nao. Lakini wakuu wa Kanisa walikuwa wameanza kuitilia Jamaa mashaka: walihofia mafundisho ya faraghani na ukaribu uliopita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu waliiwekea masharti makali. Baadhi ya waumini walitengwa, wengine walibaki parokiani. Tempels alikuwa mbali, amenyamaza. Alifariki tarehe 9 Oktoba 1977 huko Hasselt, maelfu ya kilomita kutoka kwa watu waliomwita baba.

Je, maisha hayo yanatufaa nini sisi? Kolwezi ya leo inachimba kobalti ya betri za simu na magari ya dunia nzima, na mashimo yamefika hadi katikati ya mitaa. Kuta zimepasuka, familia zimehamishwa. Fidia huhesabu vyumba na mabati, pengine hata miti. Haihesabu waliokuwa wakikaa kivulini mwa mwembe kila jioni, wala majirani walioleana kwa miaka thelathini. Ukiwatawanya watu hao, umevunja kitu ambacho babu zao walikijenga kwa mikono yao baada ya kampuni kuwapa nyumba tupu.

Ninakubaliana na Césaire kwamba utulivu wa nyumbani usifanywe kisingizio cha kumnyima mtu haki yake. Asiye na posho hashibi kwa mafundisho. Lakini wafanyakazi wa Ruwe waliishi upande wa pili wa hoja hiyo: walikuwa na posho, wakagundua kwamba posho peke yake inatosha kukufanya uamke kesho kwenda kazini, na haitoshi kukufanya utake kurudi nyumbani. Walitaka vyote viwili, na hawakungoja kimoja ili waanze kutafuta kingine. Kwangu mimi, huo ndio urithi wa Baba Placide, na sehemu yake kubwa si yake. Ni ya wanandoa waliokaa naye, ambao majina yao hayamo katika vitabu vya falsafa.

Ndiyo maana nina ombi kwa wanafunzi wenzangu na kwa wahadhiri wetu. Wazee waliosikia mafundisho yale kwa masikio yao wanapungua kila mwaka, na Kiswahili chao kinaondoka nao. Kukutana, kuzaana, mawazo, umoja, mapendo: kila neno hapo lina historia ambayo kamusi zetu hazina. Tunaandika tasnifu nyingi juu ya Kiswahili cha vitabu, na tunastahili kuandika nyingine juu ya Kiswahili cha makambi. Atakayeianza kazi hiyo asitangulize maswali yake mlangoni. Asalimie, akubali kile atakachokaribishwa, azime simu, akae. Maswali yatakuja yenyewe baada ya chakula.