Tippu Tip: mlango wa Zanzibar, meno ya Maniema

Jina lake kamili lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Wazee wetu wanamujua kama Tippu Tip, ju ya mlio wa bunduki zake, watu wanasema. Angali kijana, akafwata karavani za baba yake mpaka bara. Mwisho akafika Maniema, akaweka makao yake Kasongo.

Kule alikusanya meno ya tembo kwa biashara na kwa vita. Vijiji vilichomwa, watu wakatekwa, na wengi kati yao njo walibeba yale meno kwa miguu, miezi na miezi, kuelekea pwani. Mwaka 1887, Léopold II wa Ubelgiji akamufanya gavana wa Stanley Falls, leo Kisangani. Kisha miaka michache akarudi Zanzibar, tajiri kabisa.

Nyumba yake ingali kule Shangani, ndani ya Mji Mkongwe, na inajulikana ju ya mlango wake wa mbao wa kuchongwa.

Milango ya Zanzibar ni kazi ya hesabu. Mafundi wa Kiislamu kwa kawaida wanaepuka kuchora sura ya mtu. Wanatumia rula na bikari. Fundi anachora duara. Bila kubadili kipimo cha bikari, anatembeza ncha yake kwa ukingo, na duara linagawanyika mara sita sawa sawa. Pale linatokea ua la majani sita. Kwa fremu anachonga mnyororo, pete ndani ya pete: unapanda, unapita juu, unashuka. Akipima vibaya pete moja, kona haitakutana. Kuna wanaosema ule mnyororo unalinda nyumba. Wengine wanauona kama alama ya utumwa.

Tippu Tip alikufa Zanzibar mwaka 1905. Aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na jina lake tunalo mpaka leo. Lakini wabebaji wa Maniema, nani atatupa majina yao?

Sisi tunaochimba koltani na kasiteriti, tunajua mali inayoenda kupamba nyumba za mbali. Ule mlango ni mzuri, hatukatai. Njo maana, kwa sendika, tunakaza juu ya daftari: jina la mchimbaji, shimo lake, kilo zake, tarehe. Ndugu, usitoe mzigo mbele jina lako halijaandikwa.