Bill Brandt: Mwanafunzi Aliyeazima Usiku

Bill Brandt alizaliwa mjini Hamburg, Ujerumani, mwezi wa Mei mwaka wa 1904, ingawa kwa muda mrefu wa maisha yake aliwaambia watu kwamba alizaliwa London. Uongo huo haukuwa wa majivuno. Babaye alikuwa mfanyabiashara mwenye uraia wa Uingereza, na Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Wajerumani walimtia kizuizini kama adui. Mwana naye alidhihakiwa shuleni kwa kuwa na damu ya Kiingereza. Alijifunza mapema kuficha asili yake.

Ujanani aliugua kifua kikuu, akalazwa miaka kadhaa katika hospitali ya milimani huko Davos, Uswisi. Mnamo 1927 alihamia Vienna, na hapo ndipo alipoanza kujifunza upigaji picha katika studio. Mwaka wa 1930 alipokelewa Paris kama msaidizi wa Man Ray, msanii Mmarekani aliyekuwa na sifa kubwa wakati huo. Man Ray hakuwa mwalimu wa kukaa na mwanafunzi na kumwelekeza. Aghalabu hakuwapo, na Brandt alifaidika zaidi kwa kupekua picha zilizohifadhiwa humo studioni.

Aliyemfunza usiku ni mwingine, tena alimfunza kwa kitabu. Gyula Halász, mzaliwa wa mji wa Brassó aliyejiita Brassaï kwa ajili ya mji huo, alikuwa akitembea Paris usiku kucha akibeba kamera na miguu yake mitatu. Aliiacha lenzi wazi huku akivuta sigara, na urefu wa sigara ndio uliokuwa saa yake. Taa kali aliificha nyuma ya mti au pembe ya ukuta ili isiunguze picha. Ukungu na mawe yaliyolowa mvua yakamsambazia mwanga. Kitabu chake, Paris de nuit, kilipotoka mwishoni mwa 1932, kilidhihirisha kwamba usiku una rangi zake hata katika picha za rangi nyeusi na nyeupe.

Brandt alifanya makao London mwaka wa 1934, na miaka minne baadaye akachapisha A Night in London. Uigaji hauna haja ya kutafutwa. Mchapishaji wa Paris ni yule yule, na safari ya kutoka magharibi hadi alfajiri ni ile ile. Wamo wapenzi chini ya taa, polisi wa doria na maskini wasio na pa kulala. Wahenga walimwonya anayemuiga tembo, lakini huyu hakupasuka msamba. Brassaï aliingia vilabuni akaketi na makahaba na wahuni, kwa hiyo usiku wake una watu na kelele. Katika usiku wa Brandt milango imefungwa. Mwanga uko dirishani, na anayetazama yuko nje barabarani, kama mgeni asiyealikwa. Wengi wa wale wanaoonekana kuwa wapita njia walikuwa jamaa na marafiki zake, akiwemo nduguye Rolf, waliopangwa kama waigizaji. Picha nyingine zilipigwa mchana zikatiwa giza wakati wa kusafishwa. Wapo wanaouita huo udanganyifu. Brassaï pia aliwapanga marafiki zake, na msomaji wa riwaya hamshtaki mwandishi kwa kubuni wahusika.

Mtihani halisi ulikuja mnamo Septemba 1939, serikali ya Uingereza ilipoamuru taa zote zizimwe kwa kuhofia ndege za Ujerumani. Sanaa ya Brassaï ilitegemea taa ya barabarani. Sasa taa hiyo haikuwapo, na kitabu cha mwalimu hakikuwa na jibu. Brandt alitoka na kamera yake katika mbalamwezi, akaiacha lenzi wazi kwa dakika nyingi mbele ya mitaa mitupu. Nyumba zilitokea bapa kama mapambo ya jukwaa, hazina dirisha lenye uhai. Na ikumbukwe kwamba aliyesimama pale na kamera, usiku, wakati wa vita, alikuwa mzaliwa wa Hamburg mwenye lafudhi isiyofichika kwa urahisi. Mnamo Novemba 1940 serikali hiyo hiyo ilimtuma kuwapiga picha wananchi waliolala katika stesheni za reli ya chini ya ardhi wakikwepa mabomu.

Baada ya vita aligeukia sura za waandishi, mandhari na miili ya uchi, na kitabu chake Perspective of Nudes kikatoka mwaka wa 1961. Hata hivyo hakuuacha usiku wa ujana wake. Alizichapa upya picha za miaka ya thelathini, akiondoa kijivu chote alichokipata kwa Brassaï, hata kukabaki weusi mzito na weupe mkali. Anayeweka chapa ya 1938 kando ya ile ya miaka ya sitini hudhani ni picha za watu wawili. Brandt alifariki London tarehe 20 Desemba 1983. Brassaï alimfuata mwezi wa Julai mwaka uliofuata.