Gary Kildall na draivu iliyochoka

Mtaje Gary Kildall mbele ya watu wa kompyuta, utaambiwa jambo moja tu: si ndiye yule jamaa aliyekwenda kurusha ndege siku IBM walipobisha hodi, Bill Gates akaokota utajiri? Watu wanacheka, mazungumzo yanahamia kwingine. Mimi hadithi hiyo inaniudhi.

Jina lake nililikuta nikitafuta draivu ya flopi yenye nafasi kubwa zaidi kwa ajili ya Commodore 128, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1985 ambayo mjomba alirudi nayo kutoka Ujerumani. Ilikuja na draivu ya 1541: inasoma upande mmoja wa diski, kilobaiti 170, mwendo wa konokono. Za kuchagua zilikuwa mbili. Kuna 1571, inayosoma pande zote mbili, kilobaiti 340 hivi. Na kuna 1581, ya diski ndogo za inchi 3.5, inayobeba karibu kilobaiti 800. Kwa hesabu ya harakaharaka, nani ataiacha 800 achukue 340? Lakini ndani ya Commodore 128 kuna prosesa ya pili, Z80, iliyowekwa humo ili mashine iweze kuendesha CP/M. Na CP/M ni kazi ya Kildall. Nikaona heri nimjue mwenye mfumo kabla sijatoa hela ya bumu.

Alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 19 Mei 1942, katika familia iliyokuwa na chuo cha kufundisha ubaharia. Alikuwa na ndoto ya kuwa mwalimu wa hisabati, ila alipofika Chuo Kikuu cha Washington kompyuta zikamteka, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1972. Utumishi wake wa jeshi aliutimiza darasani, akifundisha katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini kule Monterey, California. Huko ndiko alikoanza kuchezea prosesa za kwanza za Intel, akaishia kuwaandikia Intel lugha ya programu iliyoitwa PL/M.

Kilichomsumbua kilikuwa mahali pa kuweka kazi. Programu za mashine ndogo ziliwekwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Ukitaka kurekebisha mstari mmoja tu, unasubiri utepe usomwe wote, unarekebisha, kisha unatoboa utepe mwingine. Kildall aliitamani flopi ya inchi 8, kitu ambacho IBM ilikuwa imekibuni kwa ajili ya mashine zake kubwa. Diski ile ilikuwa na njia 77, kila njia vipande 26, kila kipande baiti 128. Zidisha mwenyewe: baiti 256,256. Picha moja ya simu yako haiingii humo, lakini kwa mtu wa utepe hilo lilikuwa ghala zima. Tena kichwa cha draivu kinaruka moja kwa moja hadi kwenye kipande unachokitaka, bila kupitia vyote vilivyotangulia.

Kampuni ya Shugart ilimpa draivu iliyokwisha kutumika kwenye majaribio ya uchakavu, yaani ilikuwa imezungushwa hadi ikachoka. Draivu peke yake haina maana. Inahitaji sakiti ya kuiongoza, na hapo Kildall, bingwa wa programu, alikwama. Alijaribu kuiunda, ikamshinda, draivu ikakaa bure muda mrefu. Mwishowe alimwita John Torode, rafiki yake wa tangu Chuo Kikuu cha Washington, na mwaka 1974, mjini Pacific Grove, sakiti ikafanya kazi. CP/M ilisomwa kutoka kwenye utepe wa karatasi, ikaandikwa kwenye diski, kisha mashine ikawaka kutoka kwenye diski hiyo.

Yeye na mkewe, Dorothy McEwen, walianzisha kampuni wakaiita Intergalactic Digital Research, jina la utani kama majina ya magrupu yetu ya WhatsApp, baadaye ikabaki Digital Research. Wateja walipoongezeka, kila mmoja alikuja na draivu yake na sakiti yake. Kuandika mfumo upya kwa kila mashine ni utumwa. Kildall aliukata mfumo vipande: yote yanayohusu vifaa vya mashine fulani akayatenga katika sehemu ndogo, akaiita BIOS. Sehemu iliyobaki haikuguswa. Mwenye draivu mpya aliandika BIOS yake tu, na programu zilezile zikaenda. Toleo la pili la CP/M, la mwaka 1979, liliruhusu hadi megabaiti 8 kwa draivu moja, wakati flopi za wengi hazikufika hata megabaiti 1.

Kwa hiyo draivu zote mbili nilizokuwa napima zinakubalika kwa CP/M ya Commodore 128. Ila kuna kasoro moja: programu zilikuwa zinahamishika, lakini kila kampuni ilipanga diski zake za inchi 5.25 kwa namna yake. 1571 inaweza kusoma diski za CP/M za Kaypro na Osborne. 1581, kwa ukubwa wake wote, diski hizo haziingii hata mlangoni. Nilichukua 1571.

Tukirudi kwenye ile ndege. Mwaka 1980 IBM walipokuja, Kildall alikuwa amerusha ndege yake kwenda kwa mteja, kikazi. Kilichowakwamisha wageni kwanza ni mkataba wa kutunza siri ambao Dorothy na mwanasheria wao hawakuupenda. Gates akanunua mfumo wa Seattle uliofuata muundo wa CP/M, akawapa IBM. Kildall alipolalamika, IBM wakakubali kuuza mifumo yote miwili: wa Gates dola 40, CP/M-86 dola 240. Bei ile ilimmaliza kuliko ndege yoyote.

Mwaka 1991 kampuni iliuzwa kwa Novell. Kildall aliumia kichwani katika baa moja mjini Monterey, akafariki tarehe 11 Julai 1994, akiwa na miaka 52. Kibao cha kumbukumbu kiliwekwa Pacific Grove mwaka 2014, nje ya nyumba iliyokuwa ofisi ya kampuni yao.