Tabibu Livingstone

David Livingstone alizaliwa Scotland mwaka 1813, katika nyumba ya maskini. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Baadaye akajifunza utabibu na Neno la Mungu, akafika Afrika mwaka 1841.

Huyu hakutibu wagonjwa tu, bali alichunguza pia nchi, mito, wanyama na wadudu. Aliandika habari za maradhi yanayofuata kuumwa na papasi, akatengeneza vidonge vya kwinini na dawa za kuharisha, vikawafaa wasafiri. Walakini mkewe Mary alikufa kwa homa mwaka 1862, na mwaka 1867 mchukuzi mmoja alitoroka na sanduku la dawa. Tangu hapo tabibu akawa mgonjwa asiye na dawa.

Mwaka 1871, huko Nyangwe, aliona watu wakiuawa sokoni na wafanya biashara ya watumwa. Akayaandika yote. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na Tabora, miezi sita akingoja wapagazi. Stanley akatangulia na barua zake. Zilisomwa Uingereza, watu wakaghadhibika, Serikali ikamshurutisha Sayyid Barghash, na tarehe 5 Juni 1873 akakubali kufunga soko la watumwa la Unguja.

Livingstone hakuisikia habari hiyo. Alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla, kwa Chitambo. Chuma na Susi na wenzao wakauchukua mwili wake, wakapitia Tabora hata pwani.

Basi, ndugu, aliyeona uovu na auandike kwa kweli, hata kama mavuno ni ya wengine.