Jino la Lumumba

Wandugu wa mugodi, siye tunaijua asidi ya sulfuriki: inakula jiwe, shaba inatoka. Patrice Lumumba walimumaliza ndani yake.

Alizaliwa Onalua, Sankuru, tarehe 2/7/1925. Kijana, alikuwa karani wa kampuni ya migodi, kisha wa posta kule Kisangani. Mwaka 1958 MNC, mwaka 1960 Waziri wa Kwanza. Tarehe 17/1/1961 walimuleta Elisabethville, na usiku ule wakamuua pamoja na Mpolo na Okito. Katanga ilikuwa ya Tshombe, mutoto wa Walunda. Njo maana huku Sandoa habari hii inasemwa kwa sauti ya chini.

Polisi Mubelgiji, Gérard Soete, na mwenzake walikata miili wakaitia ndani ya asidi. Mufupa ni proteini sawa kamba, na madini ya kalsiyumu yameshikamana nayo sawa simenti. Asidi kali inayeyusha simenti, inachoma na kamba. Gamba la jino ni gumu zaidi, karibu 96% madini, lakini nalo halishindi asidi. Jino moja lenye dhahabu lilipona sababu Soete aliling'oa, akalificha kwake.

Mwaka 2016 sheria ya Ubelgiji ilichukua jino. ADN hawakupima: ingebidi kuliharibu, na familia haikuwa na kingine. Bibi wa wenzetu waliofunikwa na udongo mugodini, mwili haukuonekana, wanaelewa.

Tarehe 20/6/2022 watoto wake walilipokea. Jeneza zima, jino moja. Lilipita Onalua, Kisangani, na Shilatembo pale alipopigwa risasi, likazikwa Kinshasa tarehe 30/6.