Ibn al-Haytham na Taa Zake

Al-Hasan bin al-Haytham alizaliwa Basra yapata mwaka 354 Hijria (965), akafariki Misri yapata 430. Yasimuliwa kwamba alimwahidi Hakim, mtawala wa Misri, kuyadhibiti maji ya Nile, na alipoona haimkiniki akajifanya mwendawazimu ili aokoke. Kisa hicho wengi wakijua. Lenye faida zaidi kwetu ni taa zake.

Wayunani Euclid na Ptolemy walishika kuwa jicho hutoa miale iendayo kukigusa kitu. Ibn al-Haytham hakuridhika kwa ukubwa wa majina. Mbona jua huliumiza jicho lilitazamalo, kama si kitu kiingiacho? Akapanga taa kadhaa, mbalimbali, mbele ya kitundu cha chumba chenye giza. Ukutani ndani yakatokea madoa ya nuru, idadi yake sawasawa na taa. Akaiziba taa moja, doa lake peke yake likatoweka, akaifunua, likarudi. Basi nuru huenda moja kwa moja, wala nuru za taa hazivurugani kitunduni.

Mwalimu asemaye hafundishi sayansi kwa kukosa vyombo, na atazame: taa tatu, ubao uliotobolewa, ukuta. Amwulize mtoto kwanza, taa ya kulia ikizibwa, doa gani litapotea? Ni la kushoto, na wengi watakosea.

Kitabu chake, Kitab al-Manazir, alikuja kukisherehesha Kamal al-Din al-Farisi, ambaye kwa tufe la kioo lililojazwa maji aliuchunguza upinde wa mvua.