Mwalimu Nyerere na Nauli ya Mwanafunzi

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake alikuwa chifu wa Wazanaki, lakini yeye alianza shule akiwa na miaka 12 hivi, bwenini Mwisenge, Musoma. Akafaulu kwenda Tabora na Makerere, akafundisha, kisha akaenda Edinburgh kwa ufadhili wa serikali.

Alipoongoza nchi, ada ya sekondari ilifutwa miaka ya 1960, ya msingi 1973. Mwaka 1974 TANU iliazimia kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Madarasa na walimu walikuwa wachache, hilo nalo tuliseme. Lakini kaka na dada zetu wa Njombe waliochaguliwa shule za mbali walipewa waranti ya kusafiria. Mhasibu huona jambo kubwa hapo: Serikali ilihesabu hata nauli.

Mwalimu aling'atuka urais 1985, na miaka hiyohiyo ada ikarudi sekondari. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Mwaka 2016 shule za serikali ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne. Sare, madaftari na chakula cha mchana bado ni vya mzazi, awe Makambako au Njombe mjini. Mchango wako mwaka huu unakwenda huko.